Leza inawaka, mwangwi upo, ila grafu imenyooka tu. Nakosea wapi?

fundi_baridi
Wakuu habari za muda huu. Nina myoglobini (protini ya misuli inayoshika oksijeni) ya nyangumi, ile ambayo haina sisteini (asidi amino yenye salfa) ya asili, nikaingiza sisteini moja nikaipachika naitroksaidi, kile kibandiko chenye elektroni moja isiyo na mwenza. Nataka umbali kutoka hapo hadi kwenye himu (ile sehemu inayoipa protini rangi nyekundu), kwa ile njia ya leza (LaserIMD), yaani unasikiliza mwangwi wa naitroksaidi (ishara ya maikrowevu inayorudi kutoka kwenye elektroni yake) huku mwali wa leza ya nanomita 532 unausogeza kidogo kidogo kwenye muda, na umbali unajitokeza kama wimbi kwenye grafu. Kwa muundo unaojulikana natarajia kama nanomita 2.5 hivi. Kelvini 30, leza mara 10 kwa sekunde, nimeacha mashine usiku mzima asubuhi nakuta mstari kama umepigwa kwa rula, hamna wimbi hata la kusingizia. Af kuna jamaa hapa kaniuliza leza ya nini wakati ungeweka naitroksaidi mbili ukamaliza kazi, nikabaki namtolea macho. Sampuli ikiganda inakuwa nyeupe, sijui kama ni ishu.

Mama_Spini
Nyeupe?? Hiyo ni theluji hiyo, sio kioo. Maji yameunda fuwele, protini zimesukumwa zikarundikana pamoja na mwanga unatawanyika huko huko juu, hauingii ndani. Umeweka gliserini kiasi gani?

fundi_baridi
Asilimia 10 dada, niliogopa protini isiharibike.

Mama_Spini
Myoglobini haiogopi gliserini. Weka hata 40, ganda haraka, mrija ukiutoa uwe unaona upande wa pili.

kemia_ya_kale
Gliserini arekebishe sawa, lakini hata akipata kioo cha dirishani hatoona kitu. Bwana fundi, hiyo himu bado ina chuma? Maana mchezo wote ni hivi: mwanga unaipandisha porfirini (ile pete ya himu inayonyonya mwanga), inateleza hadi hali ya tripleti, hapo ndo zinapatikana elektroni mbili zisizo na mwenza, usumaku unazaliwa ghafla mahali ambapo sekunde moja nyuma hapakuwa na kitu, na naitroksaidi jirani inashtuka. Chuma kinaimeza ile nguvu mapema mno, tripleti haikai. Wewe umepiga leza usiku kucha kwenye kitu kinachogeuza mwanga kuwa joto tu. Toa himu kwa asidi na butanoni baridi, rudishia porfirini ya zinki, fanyia gizani, naitroksaidi ipachike mwisho kwa sababu asidi inaiharibu. Na kabla hujaacha mashine usiku, piga leza uangalie kwanza kama spektra ya tripleti inatokea, dakika chache tu.

Kuhusu jamaa yako: naitroksaidi mbili inawezekana, PELDOR ya watu wa Novosibirsk, Urusi (njia ya kupima umbali kati ya elektroni mbili za aina hiyo kwa mapigo ya maikrowevu ya frikwensi mbili, moja ya kusikiliza na ya pili ya kugeuza elektroni jirani) ipo tangu 1981. Ila hapo ungehitaji sisteini mbili, na ungepima kati ya mikia miwili inayochezacheza. Porfirini imeshakaa mfukoni mwa protini, haitikisiki sana. Ndo maana watafiti wa Padova, Italia walianza kuitumia 2014, wao wakisikiliza tripleti yenyewe kwa sababu ishara yake ina nguvu kuliko ya kawaida, halafu wa Konstanz, Ujerumani 2016 wakaja na hii yako ambayo leza ndo inafanya kazi ya pigo la pili, frikwensi moja ya maikrowevu inatosha.

fundi_baridi
Dah. Chuma kipo. Mi nilidhani himu ni porfirini tu basi. Sasa nikipata wimbi, umbali nautoaje?

kemia_ya_kale
Chukua 52 gawa kwa umbali wa nanomita ulioupiga kipeo cha tatu, unapata frikwensi ya wimbi kwa megahezi. Kwa 2.5 ni kama 3.3, wimbi moja linaisha ndani ya maikrosekunde 0.3, utaliona vizuri. Ingekuwa 5 ungesubiri maikrosekunde 2.4 na mwangwi ushaanza kufa.

Mama_Spini
Na hiyo butanoni ifanyie kwenye kabati la moshi, harufu yake kama ya tina ya rangi, nyumbani watakuuliza ulikuwa unapaka gari la nani.