Mwekezaji anataka 20% ila kuna kipengele kwenye mkataba kinanitia wasiwasi

mgeni_wa_hisa: Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Mi na mwenzangu tuna kampuni changa, kuna jamaa yuko tayari kuweka milioni 20 achukue 20%, hapo sina neno. Ila rasimu imekuja inasema kampuni ikiuzwa yeye analipwa kwanza mara mbili ya alichoweka, halafu kinachobaki ndo tunagawana wote kwa asilimia. Mwenzangu anasema tusaini fasta kabla jamaa hajaghairi. Mnaonaje?

kalamu_na_karatasi: Usisaini mkuu, piga hesabu kwanza. Chukulia mmeuza kampuni kwa milioni 60. Jamaa anavuta 40 zake, zinabaki 20, anarudi tena kwenye hizo 20 anachukua asilimia yake, 4, jumla 44. Nyie mliokesha na hiyo kampuni mnagawana 16, sasa hapo 20% iko wapi?? Iliyozoeleka ni mara moja tu, tena achague, ama arudishiwe hela yake ama achukue asilimia yake, sio vyote. Kwa bei hiyohiyo angeondoka na 20, nyie 40. Mimi nilishabishana wiki nzima kushusha 25% hadi 22% nikajiona mjanja, kumbe nimeliwa kwenye kipengele kama hicho.

mzee_wa_vipengele: Ongezea hapo, muulize hiyo 20% imepigwa kwa thamani ya kampuni kabla au baada ya hela kuingia. Kama thamani ya kampuni ni milioni 100 kabla, 20 zake zikiingia inakuwa 120, kwa hiyo zinampa kama 16.7% tu. Na akitaka mtenge hisa za wafanyakazi angalia zinatengwa lini, zikitengwa kabla hajaingia mnaopungua ni nyie peke yenu.

pita_njia: Kama thamani inawagombanisha si mtumie SAFE? Ni mkataba mfupi wa uwekezaji ulioanzishwa 2013 na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayokuza kampuni changa, sio mkopo, hauna riba, hela inakuja kugeuka hisa mkipata mwekezaji mwingine. Ila msizisaini nyingi nyingi bila kujumlisha hisa zitakazotoka, mtakuja kushtuka zenu zimebaki kidogo.

mgeni_wa_hisa: Asanteni sana aisee. Nimemwonyesha mwenzangu ile hesabu ya 44 na 16, kanyamaza kama dakika tano hivi. Tumemwandikia jamaa tunataka mara moja na achague, amejibu "nani amewashauri?" 😂 Ila hajakataa, tunakutana tena wiki ijayo.