Kadi ya kamera imegoma na ina picha za harusi, msaada wakuu

mpigapicha_moro
Wakuu habari zenu, naomba msaada wa haraka maana hapa nilipo hata chakula hakipiti. Jumamosi nilikuwa na kazi ya harusi hapa Morogoro, natumia Canon 700D na kadi moja ya GB 64, nikapiga vizuri tu tangu asubuhi nyumbani kwa bibi harusi, tukaenda kanisani, tukaingia ukumbini, sasa tunafika kwenye keki kamera ikagoma ghafla ikaniandikia kadi haisomeki, niitoe niirudishe au niifomati. Nikaizima nikaiwasha, wapi. Nikaweka kadi nyingine nikamalizia kazi lakini roho haipo. Nilikuwa nimeshapiga kama picha 540 hivi, zote RAW (faili ghafi la kamera) na JPEG kwa pamoja. Nimefika nyumbani nikaichomeka kwenye laptopu, nayo inataka niifomati kwanza. Sijafomati. Kamati wanasubiri albamu na mama wa bibi harusi ameshanipigia mara mbili leo, sijui nimwambie nini. Je picha zinaweza kurudi?

kijana_wa_IT
Pole mkuu. Jaribu chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, unafungua ile skrini nyeusi unaandika chkdsk nafasi herufi ya kadi halafu /f, mimi fleshi yangu ilirudi hivyo hivyo.

fundi_kihonda
Mkuu mwenye kadi USIFANYE hiyo ya chkdsk, nakuomba sana. Ndugu yangu hapo juu sikukatalii kwamba fleshi yako ilipona, ila chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa kadi, haijali picha, na ikinyoosha inaandika humo humo ndani, unaweza kukuta picha zimegeuka vipande vya FILE0000.CHK na hapo kurudisha inakuwa shughuli nyingine kabisa. Kanuni ni moja tu, kadi ikiwa na kitu unachokitaka usiandike chochote juu yake. Usipige hata picha moja ya kujaribu.

Sasa fanya hivi. Kwanza toa kadi uiangalie kwenye mwanga, upande wa nyuma kuna vile vibati vya rangi ya dhahabu, kama vina uchafu au alama za vidole futa taratibu na kitambaa kikavu cha pamba, ikibidi weka spiriti kidogo uache ikauke. Wengine wanasugua na raba ya penseli, mimi sishauri, inakwangua. Pembeni kuna kidude cha kuloki, kisukume kiwe upande wa loki ili laptopu isiandike kitu kwa bahati mbaya. Halafu tafuta kadi rida nyingine, kile kifaa cha kuchomekea kadi kwenye laptopu, hizi za bei ndogo zina tabia ya kulegea na unaweza kulaumu kadi bure.

Ikigoma bado, pakua PhotoRec, programu ya kurudisha picha, ni ya bure, inakuja pamoja na TestDisk. Haihangaiki na orodha ya mafaili iliyoharibika, inapita kadi nzima ikitafuta jinsi JPEG au CR2 (ndiyo RAW ya Canon) inavyoanza, inatoa moja moja. Majina yote ya picha yatapotea, utakuta namba tu, usishtuke. Muhimu: ikikuuliza wapi ihifadhi USICHAGUE kadi yenyewe, chagua laptopu au eksteno (diski ya nje) yenye nafasi ya kutosha.

mpigapicha_moro
Asante sana fundi, Mungu akubariki. Nimesafisha, nimebadilisha rida, bado inataka kufomatiwa. Nashusha PhotoRec sasa hivi, nitaleta mrejesho.

dada_wa_picha
Pole kaka, najua hayo maumivu, mwaka jana nilipoteza ubatizo mzima. Naomba kuuliza, kwani ukifomati ndani ya kamera picha si zinakuwa zimeisha kabisa?

fundi_kihonda
Hapana dada, fomati ya kawaida ya kamera inafuta orodha tu, kama mtu amechana karatasi ya yaliyomo kwenye kitabu lakini kurasa zipo. Ndio maana ukifomati kwa bahati mbaya ukaacha hapo hapo bila kupiga tena, nyingi zinarudi. Kitakachoziua ni picha mpya kukaa juu yake. Ila kwenye menyu ya fomati kuna kale kachaguo ka low level, hako kanapitia kadi yote, ukikatiki usitegemee kitu. Na video zina ugumu wake, faili ni kubwa na mara nyingi limekaa vipande vipande, linaweza kurudi likagoma kucheza.

mpigapicha_moro
Wakuu nimerudi. ZIMERUDI!! Imekula zaidi ya saa nzima, nilikaa nimeikodolea macho tu ile namba inavyopanda. Lakini kuna kitu sielewi. Imenitolea mafaili 4,000 na ushee, eksteno imekaribia kujaa, nikifungua nakuta kila picha ipo mara nne. Nne kweli, bwana harusi anavyoweka saini kanisani ipo mara nne, sawasawa kabisa. Na kitu kingine, zile za mwanzo kabisa za nyumbani, kama 30 hivi, hazipo kabisa, wakati za ukumbini za mwisho mwisho zipo. Kulikuwa na picha ya mama anamfunga mwanawe mkufu, mkono unamtetemeka, hiyo sijaiona na ndiyo ninayoitaka kuliko zote.

fundi_kihonda
Mkuu kadi yako ni feki. Sio GB 64, ni 16. Gawanya 64 kwa 16 unapata nne, ndiyo hizo mara nne zako. Wanachofanya ni kuichezea ile chipu inayoongoza kadi idanganye ukubwa wake, kamera inaamini kuna nafasi, ukifika mwisho wa 16 za kweli inarudi mwanzo inaanza kuandika juu ya vilivyopo, na mwanzoni ndiko iliko ile orodha ya mafaili na picha zako za kwanza za asubuhi. Ndio maana ikagoma pale pale kwenye keki. RAW na JPEG ya 700D pamoja ni kama MB 30, piga hesabu, picha 500 na kidogo tayari 16 imejaa. Zile 30 zimeandikiwa juu, hizo hazirudi ndugu yangu, usimpe mtu hela kwa ajili hiyo.

Uhakikishe, ukishanakili picha zako sehemu mbili toa ile loki, ifomati, halafu uipime na programu ya H2testw kwenye Windows, wa Linux na Mac wanatumia F3. Inaijaza kadi yote halafu inasoma tena.

mpigapicha_moro
Nimeipima. Imesema nzuri ni kama GB 15 tu, zote zilizobaki ni mbovu. Nimekaa na hiyo kadi miezi saba, kazi zangu zilikuwa besdei na picha za pasipoti, nafomati kila wiki, sijawahi kufika GB 16 hata siku moja.

dada_wa_picha
Kaka siku hiyo si kulikuwa na mtu wa video? Muombe faili lake halisi, sio lile alilokata. Full HD ukitoa picha moja inachapika vizuri tu saizi ya inchi nne kwa sita.

mpigapicha_moro
Dada nimempata, na mkufu upo! Amesimama nyuma ya mama kidogo, uso wa bibi harusi unaonekana kwenye kioo. Nimetoa fremu sita. Kesho naenda kwa yule mama kumueleza ukweli wote kabla sijampa albamu. Kadi nimeikata na mkasi.