Asali, gundi ya nyuki, nta au krimu ya hospitali: kipi kinafaa kidonda cha moto?

Mama_Wawili
Wakuu, naombeni msaada. Jumamosi mume wangu alimwagikiwa na uji wa moto mkononi. Malengelenge yamepasuka, kidonda kina ukubwa wa kiganja. Zahanati walimsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda na kumpa ile krimu nyeupe ya kuungua. Sasa mama mkwe amekuja kutoka Sikonge na chupa ya asali, bonge la gundi ya nyuki na nta, anataka tuiache krimu. Nampenda na sitaki kumvunja moyo. Nani amewahi kutumia vitu hivi?

Muuguzi_Mstaafu
Pole sana mwanangu, mpe pole na baba watoto. Mkweo hajakosea kama unavyodhani. Kwa moto usiozama ndani ya ngozi, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2015 yaliona asali inaponyesha siku 4 hadi 5 mapema kuliko bandeji za kawaida. Krimu nyeupe ina madini ya fedha, inaua vijidudu, ila inaacha utando unaoficha kidonda, na huenda ikachelewesha ngozi mpya.

Asali inafanya kazi kwa njia kadhaa. Karibu 80% yake ni sukari, kwa hiyo inamnyonya kijidudu maji. Ina asidi. Tena ina kimeng'enya ambacho kikikutana na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, dawa ileile ya kusafishia vidonda, ila kwa kiasi kisichounguza nyama.

Lakini asali ninayoisemea ni ya tiba, iliyopigwa mionzi ya gama kuua vijidudu. Asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu, Clostridium botulinum, ndiyo maana mtoto wa chini ya miezi 12 halambishwi. Kumwaga ya chupa kwenye nyama iliyo wazi, hapana.

Mlinaji_Itigi
Shikamoo mama. Mimi narina asali, nakuunga mkono. Niongeze kwamba asali nyingi mjini imechemshwa ili isigande, kwa sababu wateja wanadhani iliyoganda imetiwa sukari. Si kweli, asali halisi huganda. Ukiichemsha, kile kimeng'enya alichokitaja mama kinakufa, unabaki na utamu. Ya nyuki wadogo wasiodunga watu wanaisifu sana kwa dawa, ila ina maji mengi na huchachuka upesi.

Gundi ni kitu kingine kabisa. Nyuki wanaikusanya kwenye utomvu wa miti na kuzibia nyufa. Panya akifia mzingani, wakashindwa kumtoa, wanampaka gundi asiwaozee ndani. Ina nguvu! Lakini huwa inayeyushwa kwa spiriti, na spiriti kwenye kidonda cha moto ni mateso matupu.

Binti_Kitui
Dada, gundi achana nayo. Mimi nilipaka kwenye mkato mdogo wa kisu, siku ya pili mkono ukafura, vipele hadi kwenye kiwiko. Daktari wa ngozi akaniambia ni mzio, na kwamba gundi ya nyuki inajulikana kwa hilo. Nta haina shida, shangazi huiyeyusha na mafuta ya nazi kupaka magaga. Lakini hiyo ni ngozi kavu iliyopasuka. Kidonda kinachotoa maji ukikiziba kwa nta unafungia uchafu ndani.

Mwana_Manyoni
Naomba mnisikilize kwa makini. Baba yangu ana kisukari. Alipata kidonda cha unyayo, tukapaka asali wiki sita kwa sababu jirani alipona moto kwa asali. Tulipofika hospitali walimkata vidole viwili. Asali haikumuua mtu, ila tuliitegemea kwa kidonda kisicho chake.

Muuguzi_Mstaafu
Pole sana baba. Umesema jambo kubwa. Mapitio yaleyale hayakuona faida kwa vidonda vya mguu vinavyotokana na hitilafu ya mishipa ya damu (vena), na kwa mguu wa kisukari ushahidi haukutosha. Huko kinachotakiwa ni kliniki.

Mama Wawili, uliza maduka makubwa ya dawa asali ya tiba. Nyingine ni ya manuka kutoka New Zealand, nguvu yake inatokana zaidi na kemikali ya methailiglaioksali. Ukiipata, mwonyeshe mhudumu wa zahanati kwanza, akikubali ipake kwenye chachi safi ndipo ufunge. Usipoipata, endeleeni na krimu. Akipata homa, kikinuka, au wekundu ukipanda mkono, msisubiri kesho.

Mama_Wawili
Asanteni mno. Nimemsomea mama mkwe yote, kaguswa sana na habari ya vidole, kesho anatusindikiza zahanati. Jambo moja: pembezoni mwa kidonda kunawasha sana. Ni kawaida?

Muuguzi_Mstaafu
Ngozi mpya huwasha. Asijikune. Ila mwasho ukija na vipele, mwambieni mhudumu kesho hiyohiyo.