Ushauri: mdogo wangu amechomwa naloksoni, nahofia madhara yake

BintiMagomeni: Wakuu, mdogo wangu alizidiwa na unga (heroini) jioni, tukamkimbiza hospitali akachomwa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa hivyo. Alizinduka papo hapo, lakini akatapika, akalowa jasho, vinyweleo vikamsimama, akataka kumpiga muuguzi. Sasa tuko nyumbani. Je, dawa hii ina madhara ya kudumu? Nimeshaamua hatachomwa tena.

MzeeWaZamu: Binti yangu, hiyo ni arosto ya ghafla, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, kwa sababu naloksoni huing'oa heroini kwenye vipokezi vya ubongo kwa mkupuo. Moyo kwenda mbio, kuharisha na maumivu ya mwili hupita. Maji kujaa mapafuni au degedege hutokea kwa nadra, ilhali kukosa pumzi huua upesi.

MamaImani: Tunajadili sindano na kusahau malezi. Vijana warudishwe kwenye ibada.

Mpambanaji: Mimi nilianza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale Muhimbili mwaka 2011, huduma ilipofunguliwa, na arosto naijua. Mtu aliyezinduliwa hivyo hutafuta kete nyingine ili apoe, kwa hiyo msimwache peke yake.

MzeeWaZamu: Nani alimruhusu kutoka, na alitumia nini kingine?

BintiMagomeni: Tuliondoka wenyewe. Asubuhi alikunywa methadoni pia. Sikutaja kwa kuwa nahofia kliniki itamwondoa ikijua anachanganya. Hata hivyo amelala vizuri, anakoroma.

Mdadisi: Hadithi hii imetungwa. Dada gani huandika aya zilizonyooka namna hii huku mdogo wake akiwa hatarini?

MzeeWaZamu: Hata kama imetungwa, yupo atakayeisoma usiku kama huu naye ana mgonjwa. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 tu, wakati methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo pumzi inaweza kukatika tena. Mwite kwa sauti, msugue mfupa wa kifua. Asipoamka, mpulizie pumzi mdomoni. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu.

BintiMagomeni: Anaitika kwa tabu, na midomo imebadilika rangi. Naogopa watamtesa tena, lakini jirani anawasha gari.

MzeeWaZamu: Nendeni sasa. Taja methadoni mlangoni, na uombe wampe naloksoni kidogo kidogo mpaka apumue vizuri, bila kulazimisha azinduke kabisa, kwani hivyo arosto hupungua. Safari hii abaki chini ya uangalizi mpaka daktari mwenyewe amruhusu.