Tuliobomokewa nyumba na mafuriko Dar, mlianzaje tena? Tupeane uzoefu

MWANZISHA MADA
Wakuu, habari zenu. Kila masika tunatumiana picha za Jangwani, mwendokasi umesitishwa, tunapeana pole, mvua ikikatika tumesahau. Mimi nataka tuongelee miezi inayofuata, ile isiyopigwa picha. Tope limeshatolewa, wa misaada wameondoka, watoto wako kwa shangazi yao, na wewe huna pa kuanzia.

Nyumba yetu ya familia ilikuwa Kigogo, karibu na mto Msimbazi. Sisi tulikaa chumba na sebule, vyumba vya nyuma marehemu mzee alipangisha, na kodi ile ndiyo ilitusomesha. Maji ya Desemba 2011 yaliponyanyuka hadi kwenye lenta, tulipoteza kuta na kipato kwa mpigo. Kuta tulizipandisha upesi, kwa tofali za mkopo. Wapangaji ndio waligoma kurudi, na waliokuja walitaka kulipa mwezi mwezi, hakuna aliyethubutu kutoa miezi sita.

Naomba mseme: hela ya kuanzia ilitoka wapi, mlirudi palepale au mlihama, na mkono uliendaje kinywani. Yale ya "mlifuata nini bondeni" leo tuyaweke pembeni.

MAMA WA SUNA
Mimi nilikuwa Magomeni Suna, nikapelekwa Mabwepande. Kwa wadogo zetu ambao hawakumbuki: mvua ile ilipiga tarehe 20 Desemba 2011, sherehe za miaka 50 ya Uhuru hazijapoa, na watu wa hali ya hewa walisema Dar haijaona mvua kama ile tangu 1954. Walifariki zaidi ya watu 40. Tulilala kwenye madarasa, kisha serikali ikatugawia viwanja Mabwepande, upande wa Bunju huko. Tukaanza na mahema.

Kiwanja nilishukuru, nisiwe mwongo. Lakini mimi nilikuwa nauza chapati alfajiri kwa wabeba mizigo wa Kariakoo. Kutoka Suna najitwika ndoo naenda kwa miguu. Kutoka Mabwepande ni nauli juu ya nauli, na chapati zinafika zimepoa. Kuuza palepale nako hakuwezekani, majirani wote tulikuwa hatuna kitu, tungekopeshana mpaka kiyama. Ndiyo maana wapo waliouza viwanja wakarudi mjini kupanga. Watu waliwasema sana. Mimi siwasemi.

Kilichoniokoa ni mafundi. Kila kiwanja kilichoanza kuchimbwa msingi kilikuwa na fundi na saidia fundi wake, wanataka chai saa nne na ugali mchana. Nikaanza kuwapikia. Hapo nikaingia mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu na kina mama wenzangu, zamu yangu ikifika nachukua tofali. Chumba kimoja kwanza, mabati yaleyale tuliyookoa Suna, matundu ya misumari tukaziba kwa lami. Halafu choo, kabla ya chumba cha pili. Mzee wangu alinuna, anataka sebule ya wageni. Mwanaume hajui kulea mabinti kwenye hema lenye choo cha jumuiya.

MDAU
Pole na hongera mama. Hiyo ya kuwapikia mafundi naondoka nayo.

FUNDI UASHI
Naongezea kwa wanaorudi palepale. Wengi hukimbilia lipu na rangi, maana ndivyo vinavyoonekana. Tofali lililolowa likipigwa lipu wiki ileile, ukuta utatoa chumvi nyeupe na lipu itabanduka. Kwangua lipu ya zamani hadi juu ya alama ya maji, ukuta upate upepo.

Kabla ya hayo, zunguka pembe za msingi. Maji yakiwa yanatoka huchota mchanga chini. Ingia ndani, gonga jamvi, yaani zege la sakafu, kwa kipande cha nondo. Likilia kama debe tupu, chini kuna shimo. Vunja hapo, weka kifusi, mwagia maji, shindilia. Tope la mto msilitumie kujazia, lina taka na likikauka linashuka. Tofali za inchi 6, mfuko mmoja wa saruji ni 25 hadi 30. Anayekuuzia bei ya chini sana amepunguza saruji, zikiguswa na maji utazoa mchanga.

Swichi kuu ya umeme isiwashwe mpaka soketi zote zifunguliwe na kusafishwa, tope hujificha humo. Na kisima msikitumie mpaka bwana afya aseme, maana vyoo vyote vya bonde vimekwenda na maji yaleyale.

MDAU
Fundi, unamshauri mtu ajenge tena bondeni? Umesahau alama za X za kubomolewa nyumba na tingatinga la Desemba 2015 pale Mkwajuni?

FUNDI UASHI
Simshauri. Ananiita akiwa ameshaamua, nami namjengea isimwangukie. Halafu anayejaza kifusi kunyanyua kiwanja chake ajue amemsukumia jirani maji. Ugomvi wa hivyo nimeushuhudia mpaka kwa mjumbe.

MJUKUU WA JANGWANI
Sisi tulipata fidia ya kupisha mradi wa serikali wa bonde la Msimbazi. Kilichotuchelewesha ni karatasi. Nyumba ilikuwa bado ya babu, na babu alishafariki zamani. Ikabidi tuitishe kikao cha ukoo, tuteue msimamizi wa mirathi, twende Mahakama ya Mwanzo. Ndugu ambao hawajawahi kuchangia hata ndoo ya mchanga wakatokea kutoka kila kona. Leseni ya makazi na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ndizo zilitubeba, bibi alizifunga kwenye nailoni juu ya kenchi, zile mbao za paa, mafuriko yote hayakuzifikia.

Baada ya mgawo hakuna aliyepata cha kununua nyumba. Mimi na dada tukaunganisha mafungu, tukanunua kiwanja Chanika. Tulikwenda kukikagua siku ya mvua, dalali akafura. Cha kwanza alichotuonesha kilikuwa kwenye mkondo kabisa.

MSHONAJI
Mnaongea wenye nyumba tu. Mimi nilikuwa mpangaji Hananasif, kodi ya miezi sita ilienda na maji. Mwenye nyumba naye amelala shuleni, ningemdai nini? Hamna kiwanja wala fidia kwa mpangaji. Niliokoa cherehani ya miguu. Nilifungua kila kitu, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikafuta, nikapaka mafuta ya cherehani, nikaanza kushona barazani kwa watu, sare za shule kwanza kwa sababu Januari ilikuwa imekaribia. Cherehani ya mwenzangu ilikuwa ya mota, haikuwaka tena.

MWANZISHA MADA
Mshonaji, pole sana. Huyo wa barazani alikutoza?

MSHONAJI
Hakunitoza, ila nilimshonea mapazia nyumba nzima.