MREJESHO: Yule binti wa mamdogo mwenye tatizo la kuvuja mkojo

Wakuu, niliwauliza habari ya binti wa mamdogo kule Lindi, mkojo unamtoka wenyewe tangu ajifungue, uchungu ulimshika muda mrefu na mtoto hakupona, mume kamrudisha kwao na nauli ya kuja Dar hana.

Mliosema hospitali ya CCBRT ya Msasani, Dar, Mungu awabariki. Ni fistula kweli (lile tundu kati ya kibofu na uke linaloletwa na uchungu wa muda mrefu), na pale matibabu yake ni bure, mi nilidhani stori za watu tu. Kumbe wana mabalozi huko mikoani, balozi akimpata mgonjwa anawapigia, nauli inatumwa kwa M-Pesa mgonjwa anapanda basi, yani sikutoa hata mia. Kafanyiwa operesheni, kakaa na mpira wa mkojo kama wiki mbili hivi ili kidonda kipone, saivi mkavu kabisa (na wodi ile stori haziishi, kapata mashoga kibao). Wamemwambia akishika mimba tena akajifungulie hospitali kwa upasuaji, asithubutu nyumbani.

Yule aliyeuliza kuhusu mama yake mwenye tatizo hili siku nyingi, mlete tu, wamama watu wazima wapo wanatibiwa.

Mume naye kaanza kupiga simu, hilo nitaleta uzi wake.