Mtahini kapiga mstari nyaraka tatu kwenye IDS, na notisi ya kukubali imeshatoka. Nifanyeje?

Karani_wa_Faili

Wadau, habari zenu. Mimi ni karani kwa wakili wa hataza (patent). Kazi yangu ni kuandaa IDS (orodha ya nyaraka za awali tunazomwonyesha mtahini wa hataza) za maombi ya Marekani na kulinda tarehe. Bosi yuko safarini mpaka Jumatatu, na nataka akirudi nimpe jibu badala ya kumwongezea maswali.

Ombi ni la vali ya pampu ya maji. IDS ya kwanza tuliipeleka ndani ya miezi mitatu tangu ombi liwasilishwe, ikiwa na nyaraka 14. Fomu ya SB/08, yenye orodha hiyo, ilirudi pamoja na barua ya kwanza ya mtahini, na mistari mitatu imekatwa: hataza mbili za Kijapani na makala moja ya jarida. Nakiri kosa. Niliiona, nikaipachika kwenye faili, nikaendelea na mengine. Nilidhani mstari maana yake "nimeisoma, haihusu".

Sasa Ofisi ya Hataza ya Ulaya imetoa ripoti ya utafutaji kwenye ombi letu pacha la huko (la uvumbuzi uleule), yenye nyaraka mbili ambazo hatujawahi kuziona. Ripoti ina tarehe 6 Machi 2025, ila kwetu ilifika 2 Aprili kupitia wakala. Hapo katikati, 27 Machi, Marekani wakatoa notisi ya kukubali, yaani wako tayari kutoa hataza. Ada ya kutolea hataza hatujalipa. Kwenye kalenda nimeandika mwisho wa IDS ni 2 Julai, na nimepanga kutia zote tano kwenye IDS moja. Kuna ubaya?

MzeeWaTarehe

Upo, tena mara mbili.

Kwanza hiyo kalenda. Futa 2 Julai leo hii, kabla hujanywa chai. Miezi mitatu huhesabiwa kutoka tarehe iliyo kwenye barua ya ofisi ya kigeni. Siku ilipomfikia wakala, au ilipotua mezani kwako, haihusiani. Kwa hiyo mwisho wako ni 6 Juni, na muda huo hauongezwi hata ukilipa. Ada ya kutolea nayo inaisha 27 Juni. Ungesubiri hiyo Julai yako ungekuta milango yote miwili imefungwa.

Pili, kuchanganya. Notisi ya kukubali ikishatoka, kanuni 1.97(d) ya Ofisi ya Hataza ya Marekani inadai vitu viwili kwa pamoja: ada, na tamko la 1.97(e). Tamko lenyewe linasema *kila* waraka uliomo ulitajwa kwa mara ya kwanza na ofisi ya kigeni kwenye ombi pacha, si zaidi ya miezi mitatu iliyopita. Zile mbili za Ulaya zinapita. Hizo tatu mnazijua tangu IDS ya kwanza! Ukizitia humo, bosi wako anasaini tamko la uongo. Ungezirekebisha kabla ya notisi kutoka, ada peke yake ingetosha.

Peleka mbili za Ulaya peke yake, ada ya kutolea ikiwa bado haijalipwa. Ukilipa kwanza, unaangukia QPIDS (njia ya kupeleka IDS baada ya ada ya kutolea kulipwa), na huko makaratasi yanaongezeka.

Upande_wa_Pili

Nilikuwa mtahini kabla ya kuhamia kwa mawakili, acha nikueleze huo mstari. Tazama chini ya kila ukurasa wa fomu yako: pana sentensi kwamba nyaraka zote zimezingatiwa isipokuwa zilizopigwa mstari. Yaani hizo tatu kisheria hazikusomwa. Nilikuwa nakata bila kinyongo, mara nyingi kwa sababu ndogo kabisa.

Hizo za Kijapani nabashiri mlileta nakala bila maelezo mafupi ya umuhimu wake. Kwa waraka usio wa Kiingereza, kanuni 1.98 inayataka. Watu huyaogopa bure, kumbe ikisiri ya Kiingereza inaweza kutosha, au ripoti ya utafutaji ya Kiingereza yenye zile alama za X, Y na A zinazoonyesha uzito wa kila waraka. Makala, nabashiri haina tarehe ya kuchapishwa.

JazaTu

Mimi nisingejisumbua. Fungua RCE (maombi ya kuendelea kuchunguzwa), mwaga kila kitu mlicho nacho kabatini, hakuna atakayewalaumu.

MzeeWaTarehe

@JazaTu ushauri wa zama zile. Tangu hukumu ya kesi ya Therasense ya mahakama ya rufaa Marekani mwaka 2011, anayedai mlificha lazima aonyeshe nia ya kudanganya, na kwamba ofisi isingekubali dai la hataza (kipengele kinachosema nini kinalindwa) kama ingeuona waraka wenyewe. Hofu ya kumwaga kabati zima imepungua. Na toka 19 Januari 2025 kumwaga kuna bei: nyaraka zikizidi 50 kwa jumla kwenye ombi ni dola 200, zikizidi 100 ni 500, zikizidi 200 ni 800.

Karani, kabla ya RCE jiulize hizo tatu zina nini ambacho mtahini hajakiona. Wajibu wa kanuni 1.56, wa kufichua nyaraka muhimu, hauhusu waraka unaorudia yaliyokwisha kuwekwa mbele yake. Tafuta familia za hizo hataza, yaani ndugu zake wa nchi nyingine wa uvumbuzi uleule.

Karani_wa_Faili

Nimerudi. Sentensi ipo kweli, chini ya ukurasa, na nimeifungua fomu hii mara kumi. Aibu.

Kijapani cha kwanza kina ndugu yake wa Marekani: michoro ileile, vali ileile, na ni namba 4 kwenye orodha yetu, hakikukatwa. Makala nimeifungua, inazungumzia kutu ya mabomba tu. Kijapani cha pili ndicho kinaninyima usingizi. Hakina ndugu, na Mchoro wa 3 una springi iliyokaa nyuma ya kiwambo, kama yetu kwenye dai la 1.

Upande_wa_Pili

Basi usiamue wewe. Weka Mchoro wa 3 na dai la 1 ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja, mwachie bosi. Akiona vinafanana, hapo RCE ina sababu, na IDS ikiingia kabla ya barua ya kwanza baada ya RCE haidai ada yake wala tamko la (e). Safari hii ambatisha ikisiri.

MzeeWaTarehe

Na kile kipengele cha ada ya wingi kwenye fomu mpya, kitie alama hata kwa nyaraka 16. Hudaiwi kitu, lakini ni lazima useme kwamba hudaiwi.

Karani_wa_Faili

Kalenda nimebadilisha: 6 Juni, kwa wino mwekundu. Karatasi ya Mchoro wa 3 iko juu ya kiti cha bosi, maana mezani haioni.